Valvu Mbili za Pikipiki ya Nabalayo

Pikipiki ya Nabalayo ilipoingia kwenye kibanda chetu nyuma ya Soko la Toi, mjomba Mulwa aliacha tyubu aliyokuwa akiikwaruza, akasimama. Mjomba hasimami kwa ajili ya mteja. Ameziba pancha pale kwa miaka kumi na saba akiwa ameketi juu ya rimu la lori, na watu humletea magurudumu mpaka miguuni pake. Siku ile alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaizunguka ile pikipiki polepole bila kuigusa.

Ilikuwa kubwa kuliko meza yetu ya kazi. Tangi lake lilikuwa pana kama kifua cha mtu anayebeba magunia. Nyuma ilikuwa na masanduku matatu ya bati, mbele kioo, na kiti chake kilikuwa kinene kuliko godoro langu kule Mashimoni, mtaani Kibera. Niliweka viganja vyangu viwili kando kwa kando juu ya tairi la nyuma, na bado havikulifunika. Sisi tumezoea bodaboda, zile nyembamba ambazo mtu mmoja huziinua akaziegemeza ukutani. Hii nilihisi kwamba ikiamua kulala, sote tungehangaika kuiinua hadi wiki ijayo.

Vijana wa bodaboda walijikusanya. Mmoja akauliza, "Mathe, hii inatembea ama inaruka?"

Mwenyewe, mama mmoja, alivua kofia. Nywele zake zilikuwa fupi na nyeupe. Alisema anaitwa Nabalayo, kwao ni Bungoma, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa ambulensi. Amekimbia maisha yake yote, akasema, na sasa amestaafu anataka kukimbia bila mgonjwa nyuma. Kesho kutwa asubuhi angeondoka peke yake kwenda Moyale, avuke mpaka, aende mpaka Addis Ababa. Wale vijana waliacha kucheka.

Shida ilikuwa tairi la nyuma. Lilikuwa likipoteza upepo, lakini barabarani tu. Pikipiki ikilala nyumbani, tairi linaamka gumu kama jiwe. Akienda Naivasha, anafika limelegea. Gereji mbili zilikuwa zimelitazama. Moja ililitumbukiza kwenye maji isione povu hata moja. Nyingine ilimwaga dawa ya kuziba ndani yake, dawa isizibe chochote.

"Nikiwa mwendo wa mia moja, hii ikilegea," alisema, na hakumaliza.

Mjomba hatumii maji kutafuta pancha. Mashimoni maji yananunuliwa kwa mtungi, na mtungi wa maji tunaupikia na kuufulia, hatuwezi kuuogeshea matairi ya watu. Yeye hutumia jicho. Analifumba, kisha anapitisha tyubu iliyojaa upepo karibu na ngozi ya jicho, polepole sana, na mahali penye tundu pumzi humgusa. Nilipotoka Kitui baada ya kuachia shule darasa la sita, hicho ndicho kitu cha kwanza alichonifunza. Wiki nzima sikuhisi kitu. Kisha siku moja nilihisi, kidogo sana, kama siafu amepumua, na tangu siku hiyo mimi huhisi hata matundu ambayo mjomba hayahisi.

Mjomba alianza mwenyewe. Akafumba jicho, akazunguka tairi lote, akatikisa kichwa. Akaniita.

Nilipiga magoti. Nilizunguka tairi mara moja, mara mbili. Hakuna. Mmoja wa wale vijana akauliza kama nimeletwa kufanya kazi au kulala. Ningeweza kuinuka niseme hakuna, lakini nikiinuka watu hunitazama, na nikitazamwa ulimi wangu hukauka. Kwa hiyo nilibaki palepale, jicho likiwa karibu na valvu, ile shingo ndogo ya mpira ambayo upepo huingilia. Hili tairi halina tyubu. Valvu imeshikwa na rimu lenyewe, na upepo wote unaobeba ile pikipiki, yule mama na masanduku yake, umezuiwa na kale kashingo.

Niliwaza, kitu gani kinachotokea barabarani na hakitokei hapa? Gurudumu linazunguka. Na likizunguka haraka, kila kilichofungwa kwake kinavutwa. Nikaisukuma valvu kwa kidole, ikalala upande.

Pumzi ikanigusa jicho.

Nikaiachilia. Ikakoma. Nikaisukuma tena, ikaja tena. Nilirudia mara nne, na kila mara moyo ulinipiga zaidi, kwa sababu lile tairi lilikuwa likidanganya kila mtu aliyelisimamisha ili alipime. Lilivuja likikimbia, likisimama linafunga mdomo.

Nilimwambia mjomba kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Akapiga magoti, akajaribu, kisha akamweleza Nabalayo kwa Kiswahili kana kwamba ameligundua yeye. Sikujali. Nabalayo ndiye aliyenitazama mimi.

Valvu kama hizo Toi hazipo. Mjomba alilifungua gurudumu, akaing'oa ile valvu mbovu, akanipa niende nayo Kawangware kwa Waithira, mama anayeuza spea za pikipiki kubwa zilizopata ajali. Nabalayo akatoa noti. Mjomba akaniagiza, "Leta moja. Na iwe ndefu."

Kila fundi wa Kibera angesema hivyo. Barabara zetu zina tope, valvu fupi hujificha kwenye matope, na pampu ya mkono haiishiki vizuri. Bodaboda akija kubadilisha valvu, cha kwanza anachouliza ni urefu. Nimeuza mamia ya ndefu. Nilitembea kwa Ngong Road hadi Dagoretti Corner, nikaingia Naivasha Road inayokwenda Kawangware, ile valvu mbovu nikiwa nimeifumbata, na njia nzima nilikuwa naiinamisha kwa kidole gumba na kuiachilia. Kila ilipoinama, ufa mdogo kwenye shina lake ulifunguka. Nilianza kufikiria: ikiwa fupi hii imevutwa hadi ikapasuka, ndefu itavutwaje?

Duka la Waithira ni kontena lililokatwa ubavu. Yeye mwenyewe ana sauti ya kusikika hadi stendi. Niliiweka ile valvu kwenye kaunta, akaitazama, akanitazama, akangoja niseme kitu.

"Kwani bundle zako za kuongea zimeisha?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Akacheka, akainama chini ya kaunta, akainuka na kopo la maziwa ya unga, akalimwaga lote juu ya gazeti.

Sikujua kwamba dunia ina valvu nyingi hivyo. Kulikuwa na za mpira ndefu kama kidole changu cha kati, na fupi kama kifundo. Kulikuwa na za chuma zilizonyooka, na za chuma zilizopinda katikati kama kiwiko. Nyingine zilikuwa nyeusi, nyingine za rangi ya fedha, moja ilikuwa nyekundu kama kucha iliyopakwa rangi. Mahali fulani kuna watu wameketi wakafikiria mlango wa upepo kwa namna zote hizo, na mimi nilikuwa nimeishi miaka minne nikidhani kuna mfupi na mrefu. Nilisimama tu nikizitazama. Waithira aliacha kunisemesha.

Nilianza na ndefu ya mpira kwa sababu ndiyo niliyoagizwa. Niliiinamisha mbele ya jicho. Kwenye shina kulikuwa na nyufa ndogo ndogo kama za kisigino wakati wa kiangazi. Nikachukua nyingine, hivyo hivyo. Zilikuwa mpya, lakini kwa jinsi zilivyopauka, zilikuwa zimening'inizwa kwenye jua muda mrefu kabla ya kutiwa koponi. Nikaziweka kando. Fupi ya mpira ilikuwa safi. Ingetosha kwenye tundu la rimu. Ningeweza kuichukua, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini iliinama. Kidogo, ila iliinama.

Ya chuma iliyonyooka haikuinama. Niliitafakari sana hiyo. Kisha nikakumbuka gurudumu lenyewe, jinsi lilivyobanwa na sahani ya breki, na nikaona kwamba yule mama akiwa peke yake huko Marsabit, pampu haitapata pa kuingilia. Nikaichukua iliyopinda. Ilikuwa na nati ya kuikaza upande wa nje, na wosha nene ya mpira upande wa ndani. Mdomo wake ulitazama pembeni, mahali mkono unapofika. Nikajaribu kuiinamisha kwa nguvu zangu zote hadi kidole kikauma. Ilinitazama tu.

Nikaisukuma mbele ya Waithira.

Aliijaribu kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha akauliza nani amenifundisha. Nikasema mjomba, ingawa mjomba hajawahi kuishika kama hiyo. Waithira alitafuta kwenye lile rundo akatoa nyingine, pacha yake, na kusema zilitoka kwa pikipiki moja, hawezi kuzitenganisha, nichukue zote au niache zote. Noti ilitosha. Akafungua droo, akatoa wosha mbili mpya zisizo na vumbi, akazivalisha mwenyewe.

Niliporudi, mjomba alizipindua mkononi.

"Nilisema ndefu," alisema. "Hii umeleta mfereji."

Watu wakacheka. Mmoja akataka kujua kama itatoa maji ya moto pia. Nabalayo hakucheka. Aliniuliza kwa nini nimechagua hiyo, na akangoja. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalipotea. Nikachukua ile mbovu nikaiinamisha mbele yake, ufa ukafunguka. Nikachukua mpya nikampa aiinamishe yeye. Alijaribu hadi mishipa ya mkono ikamtoka.

"Weka hiyo," akamwambia mjomba.

Mjomba aliifunga, akapaka sabuni ukingoni, akatia upepo kwa kompresa hadi tairi likakaa kwenye rimu kwa mshindo. Ile valvu ya pili aliitundika kwenye msumari juu ya kichwa chake. Nilimwangalia. Akasema gurudumu la mbele halijalalamika, na fundi anayefungua gurudumu zima atafukuza wateja. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yetu pale. Mtu akija na pancha moja halafu umwonyeshe mbili, atafikiri ya pili umeitoboa wewe, na kuna mafundi waliopigwa kwa sababu hiyo. Nabalayo naye alikuwa na haraka. Alisema sawa.

Kisha akasema anataka kuijaribu, na kwamba aliyeichagua aikalie.

Mjomba alianza kukataa. Vijana wakapiga mbinja. Kabla sijapata pa kujificha, Nabalayo alikuwa amenivisha kofia ya ziada, na nilikuwa nimepanda juu ya kile kiti kinene, mikono yangu ikimzunguka tumboni kama mtoto.

Ngong Road tulikwenda taratibu. Nilikuwa bado naona nyuso za watu, na watu walikuwa wakiiona pikipiki na kugeuka. Tulipoingia Bypass, ile barabara pana inayopita kando ya msitu, aligeuza kichwa akasema, "Shikilia, mwanangu."

Sijui niieleze vipi. Mimi safari zangu zote ni za miguu, na hata basi lililonileta Nairobi lilikuja likisimama kila mahali. Hapa kitu kilinisukuma mgongoni bila kunigusa. Miti ya msitu ilikuwa mmoja mmoja, kisha ikawa ukuta. Upepo ulikuwa mzito, ningeweza kuuegemea. Chini yetu injini haikupiga kelele. Ilivuma kwa sauti moja nene iliyonipita mifupani, na nilielewa kwamba hatukuwa tumeshikwa na chochote. Tulikuwa tumekaa juu ya upepo. Upepo uliofungiwa ndani ya mpira, umezuiwa na kitu nilichokitoa kwenye kopo la maziwa saa tatu zilizopita. Niliogopa na nikafurahi kwa pamoja hadi machozi yakanitoka ndani ya ile kofia.

Ndipo nikalifikiria gurudumu la mbele.

Nalo lilikuwa likizunguka. Kasi ile ile. Na valvu yake ilikuwa ya mpira, na imezunguka kila kilomita ambayo ile iliyopasuka ilizunguka. Zilitengenezwa pamoja, zikafungwa pamoja, zikakaa kwenye jua moja. Nilisema simama. Hakunisikia. Nikampiga begani mara mbili.

Aliegesha kando ya barabara, akadhani nimeugua. Nikaonyesha magurudumu. Akatoa geji yake, akapima la nyuma. Ilisoma arobaini na mbili, vile vile ilivyosoma Toi. Uso wake ulifunguka, akanionyesha kama mtu anayemwonyesha mwenzake picha ya mjukuu. Akapima na la mbele kwa sababu nililisimamia. Thelathini na sita. Halikuwa limepungua hata kidogo.

"Basi niko sawa," alisema. "Kesho kutwa naenda. Ama una neno?"

Nilipiga magoti kando ya gurudumu la mbele. Nikaisukuma valvu, jicho karibu. Hakuna pumzi. Nikaisukuma zaidi. Hakuna. Geji ilisema zima, na jicho langu, ambalo halijawahi kunikosea, lilisema zima. Kilichokuwepo ni mstari mmoja tu, mwembamba kama uzi, ulioizunguka ile valvu kwenye shina. Ungeweza kudhani ni uchafu. Nilijaribu kuupangusa kwa kidole, haukupanguka.

Nilijua mjomba atasema nini. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, yule mama atanipa mkono, tutarudi, na nitabaki na utamu wa hiyo safari maisha yangu yote.

"Usiende na hii," nikasema.

"Inavuja?"

"Bado."

"Sasa?"

"Itavuja, mama."

Aliniuliza ni lini. Nikamwambia sijui. Inaweza kuwa mwaka ujao. Inaweza kuwa baada ya Isiolo. Nikamwambia la nyuma likilegea mtu anaweza kulishikilia akasimama, lakini la mbele ndilo linalokushika wewe. Sikumbuki kama nimewahi kuzungumza maneno mengi hivyo kwa mtu ambaye si wa kwetu. Lori lilipita, likatutikisa, na Nabalayo alikuwa bado ananitazama.

"Nimebeba watu wengi sana nyuma ya ile ambulensi," alisema mwishowe, "ambao jana yake kitu chao kilikuwa bado."

Akanipa kofia, tukarudi.

Mjomba hakufurahi. Aliniambia kwa Kikamba kwamba nimepandishwa pikipiki mara moja na tayari nimekuwa mkubwa. Alimuuliza Nabalayo kama tairi la mbele limepungua, Nabalayo akasema hapana. Aliuliza kama jicho langu limehisi kitu, nikasema hapana. Akainua mikono kwa wale watu waliokuwa wakisikiliza, kama kusema mmejionea. Lakini Nabalayo alikuwa ameshaanza kuegesha pikipiki juu ya stendi yake, na mteja ndiye mteja. Mjomba akashika spana.

Alilitoa gurudumu. Akalishusha tairi kwenye rimu. Akaibana ile valvu kwa koleo, akaivuta, ikatoka nzima. Akaiinua juu ili kila mtu aone ilivyo nzima.

Kisha akaizungusha kwenye kidole gumba, nusu mzunguko tu. Ule uzi ukafunguka pande zote kwa mara moja. Kichwa kilibaki mkononi mwake, na shina likaanguka vumbini.

Wale vijana, ambao huwa hawakosi neno, walikuwa wakitazama chini, pale lilipoanguka. Mjomba aliinama akaliokota. Alijaribu kuvirudisha vile vipande viwili pamoja, kama mtu asiyeamini, kisha akavimimina kwenye kiganja cha Nabalayo. Nabalayo alikifumba kiganja.

Mjomba akanyoosha mkono, akaitoa ile valvu ya pili msumarini. Aliivalisha kwenye tundu, akaipangia wosha, akaanza kukaza nati. Yeye hukaza kila kitu hadi mwisho wa nguvu zake, kwa sababu Mashimoni nati isiyokazwa hivyo huibiwa kabla ya asubuhi. Lakini hii ilikuwa na wosha ya mpira, na nadhani alihisi inaminyika. Akasita. Akaniuliza mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, "Nikaze hadi wapi?"

"Kidogo tu," nikasema. "Zaidi. Hapo. Basi, anko."

Akaachia hapo.

Kesho kutwa yake, saa kumi na mbili asubuhi, Nabalayo alipitia Toi akielekea barabara ya kaskazini, ingawa Toi haikuwa njiani mwake. Mabanda yalikuwa bado yamefungwa, na akina mama wa uji ndio kwanza walikuwa wakiwasha jiko. Alipima magurudumu yote mawili mbele yangu. Hakuna lililopungua. Alinishika kichwani kwa mkono wenye glavu, akauondoa, akawasha injini.

Nilizitazama valvu zangu alipoondoka. Ya nyuma ilipanda na kushuka taratibu, ikimetameta kila ilipofika juu, na niliihesabu mara tatu. Kisha ikawa duara moja jembamba la mwanga. Kisha haikuonekana tena, wala ya mbele, yakabaki magurudumu tu yakienda. Nilisimama pale katikati ya njia hadi mwenye mkokoteni akaniomba nimpishe.